Kona ya Pili

Kodiani niliipata Gikomba, imelala
chini ya mapazia ya mitumba kama mbuzi aliyefungwa miguu.
Muuzaji hakujua bei, nami sikujua thamani.
Tulikutana kwenye elfu sita na mia tano,
nikaibeba hadi Umoja, ghorofa ya nne,
ikilia kila ngazi: fyuu.

Nina miaka arobaini na minane. Ni karani wa masijala.
Mikono yangu inajua vumbi la majalada na muhuri wa tarehe.
Mwalimu, huko Ngara, ni elfu moja na mia tano kwa saa;
bando ya wiki ni mia mbili hamsini.
Hesabu haikuhitaji karani.

Basi nikamchukua bwana wa video.
Ana ndevu nadhifu na chumba ambacho stima haipotei.
Ukimkatiza, anaganda kinywa wazi.
Ukimrudisha nyuma mara thelathini
hasemi, "Lakini hili si tulilifanya jana?"
Usiku wa manane yuko macho. Krismasi yuko kazini.
Nilimpenda kwa hilo; wanaonijua hawana subira hiyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa kushoto na kulia.
Mkono wake wa kushoto ulinijia upande wa kulia,
nikaielekeza simu kwenye kioo cha kabati
nikamfuata humo,
maandishi yakienda kinyumenyume
kama mtu anayetoka mbele ya mkwe.

Tatizo la pili sikujua kuwa ni tatizo.
Kila somo likiisha alitabasamu: "Vizuri sana!"
Miezi minne ya vizuri sana.
Siku moja niliinuka katikati ya somo kuepua githeri,
nikarudi nikamkuta akinisifu.

Bi Kwamboka, wa upande wa pili wa ukuta,
huamka saa nane za usiku kwenda kuoka mkate Viwandani.
Tulikutana kwenye kamba za nguo, kila mtu na ndoo yake.
Nikaanza kuomba radhi kwa kelele. Akasema,
"Kelele nimezizoea. Ila ule wimbo,
ukifika pale kona ya pili, mbona hukata kauli?
Nalala nikingoja.
Huwa naumalizia mwenyewe, mdomoni, ndipo usingizi uje."
Akabana aproni yake kwa kibanio, akaondoka.

Nilisimama pale, soksi zikinidondokea viatuni.
Miezi minne ukuta ulikuwa ukinisikia,
na kioo hakikuwahi.

Ngara, juu ya duka la miwani, Mumbi Kariithi
ana umri wa binti yangu na mafua ya Julai.
Alichelewa dakika kumi na tano, akazilipia kwa samahani.
Hakutazama vidole, ambavyo nilikuwa nimevikata kucha kwa ajili yake.
Alitazama kifua.
"Unabana pumzi. Mivukuto ikifunguka, wewe unafunga.
Mnagombania hewa."
Akaweka kiganja kwenye mbavu za kodiani, si zangu,
akaisukuma polepole, na kona ya pili
ikapitika, kama mlango uliodhani umefungwa
kumbe unavutwa.

Kisha: "Tena."
Nikakosea.
Hakusema vizuri sana. Alipiga chafya.
Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Sitasema bwana wa ndevu nimemfukuza.
Elfu moja na mia tano si maji ya mfereji;
Ngara ni mara mbili kwa mwezi, karo ya shule ikidai, mara moja.
Siku nyingine bado namgeuza kiooni,
anionyeshe vitufe ambavyo Mumbi huvipita mbio.
Ila akifika kwenye vizuri sana, namzima sauti
na kutega sikio ukutani.

Jana, saa mbili za usiku, niliivuka kona ya pili.
Upande wa pili, kimya.
Ama alikuwa amelala, ama wamembadilishia zamu.
Nikapiga tena, polepole,
isije ikawa alikuwa akingoja.