Kuku wa Jikoni

Mume wangu Guram ndiye mnena heri wa karamu
tangu enzi za kiwanda cha malori, hapa Kutaisi.
Harusi haianzi mpaka asimame,
marehemu hatulii kaburini mpaka Guram amsemee.
Ana pembe ya nyati iliyovishwa fedha mdomoni;
amewatakia watu afya, pembe baada ya pembe,
hadi ya kwake ikakauka.

Daktari Manana aliigeuza karatasi ituelekee.
Kumi na nne nukta mbili.
Guram akauliza kama hizo ni lita.
"Ni sukari," akasema Manana, hakutabasamu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
chake kilikwisha kupita nguo,
ki damuni.

Kwa hiyo nimenunua saa ya jikoni yenye umbo la kuku.
Dakika kumi na tano kabla ya kula, inalia,
nami nachota kijiko cha unga wa maganda ya mbegu,
rangi ya vumbi la mwashi, hauna harufu, hauna aibu,
natia kwenye glasi ya maji, nakoroga,
"Kunywa! Sasa hivi!"
maana ukimwacha aanze hotuba
unaganda, kijiko kinasimama wima.
Siku ya kwanza alitaka kuunenea kwanza.
Ilibidi aule kwa uma.

Unga si dawa, Manana alituonya,
vidonge vibaki palepale, asubuhi na jioni.
Unga ni bawabu tu:
huizuia sukari mlangoni, iingie mojamoja, isisukumane.
Kisha majani yatangulie, spinachi iliyopondwa na jozi,
kisha maharage, kisha samaki wa mto.
Mkate wa jibini uje mwisho,
upana wa vidole vitatu.
Vyangu, si vyake.

Septemba aliolewa Nestani, binti wa dada yake.
Meza ndefu kama reli, nguruwe mzima, mikate inatoa mvuke.
Kuku wangu akalia ndani ya mkoba
padri akiwa katikati ya dua.
Guram alikunywa kile chake nyuma ya mapipa,
kama mvulana na sigara ya kwanza,
akarudi mezani, pembe imejaa.

Jumber, mjomba wa bwana harusi, akainusa.
"Maji!" akapiga kelele. "Mnena heri wenu anakunywa maji!"
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji,
na Guram amesifiwa miaka thelathini.
Niliona shingo yake ikiiva.
Nikajua atainyosha pembe ijazwe divai.

Akasimama.
"Ndugu zangu, nimewanenea wazazi, wafu, amani,
na ng'ombe wa Otari aliyepona mguu.
Sijawahi kusimama kwa ajili ya kongosho.
Liko nyuma ya tumbo kama mpishi nyuma ya jiko,
miaka sitini na tatu limepika,
hakuna aliyelikaribisha mezani.
Mimi ndiye niliyelichosha.
Leo nanywa maji, kwa heri yake.
Kwa heri, Jumber. Si kwaheri."

Jumber alitaka kucheka, akakosa pa kuanzia.
Kwenye ncha ya meza, bibi mmoja nisiyemjua
akafungua mkoba, akatoa kichupa cha vidonge,
akakiinua juu.
Kisha mpiga ngoma akainua chake.
Kisha, polepole, padri.

Usiku, nyumbani, alininyoshea kidole nikichome.
Tone dogo, jekundu kama lulu ya komamanga.
Nane nukta tisa.
"Si mbaya kwa harusi," akasema, akalala na soksi.

Nilipotundika koti lake, mfukoni nilikuta
kipande cha jozi zilizochovywa maji ya zabibu,
kigumu, kitamu, kina alama ya meno.
Nilisimama nacho gizani, nimempa mgongo.
Kilichobaki nilikila mimi.