Dirisha la Upande Ule

Kaka yangu Murhula alianza kukohoa na mvua za Septemba.
Tukasema ni vumbi la mbao, maana anapiga randa kule Nyamugo.
Oktoba tukasema ni baridi ya Kadutu.
Novemba shati lake likaanza kumvaa yeye,
na usiku jasho likimtoka kama mtu aliyepandisha magunia
ngazi zote za udongo kutoka ziwani.

Ndipo shangazi akaja toka Walungu,
akamtazama mara moja, akasema neno
ambalo mtaa wetu hulitaja kwa sauti ya chini:
karuho.
Amelishwa. Nani alimpa kinywaji?

Tukakumbuka haraka, kama watu waliokuwa wakingoja kuulizwa.
Mama Cibalonza, jirani wa ukuta kwa ukuta.
Siku ya ubatizo. Kasiksi, kwenye kikombe cha plastiki
chenye ua jekundu.
Mimi ndiye niliyetaja ua.

Tukaziba nyufa za ukuta upande wake
kwa mifuko ya saruji na gundi ya unga wa muhogo,
jicho lake lisipenye.
Watu sita chumbani, mlango umefungwa,
mkaa unakufa taratibu,
na kikohozi cha Murhula kikizunguka, kikitafuta pa kutokea,
kikirudi kwetu.

Mganga alimtapisha kwa dola ishirini.
Akatapika. Akakohoa.
Januari akatema damu kwenye kitambaa cha mama cha kanisani.

Muuguzi Bagalwa hakuuliza adui yetu ni nani.
Aliuliza: wiki ngapi? Mnalala wangapi? Dirisha mnalo?
Akatoa kikopo chenye kifuniko:
"Kesho alfajiri, nje, penye hewa. Vuta kutoka chini kabisa.
Sitaki mate. Nataka hicho kinachokusumbua."
Nikakibeba mwenyewe, kimefungwa ndani ya kanga,
nikiteremka kwenye tope kwa hatua za mwizi.

Kifua kikuu.
Kijidudu, alisema, hakijui ukoo wala jirani.
Hutoka na pumzi ya huyu, huingia na pumzi ya yule,
hupenda giza na chumba kilichoshonwa.
Hakipiti kwenye kikombe.
Hilo alilisema akiandika, bila kuinua kichwa,
nami nikatazama miguu yangu.

Mifuko ya saruji tuliing'oa siku ileile.

Miezi sita. Vidonge kila asubuhi kabla ya chai.
Siku ya kwanza mkojo ukawa rangi ya fanta,
Murhula akapiga kelele chooni, na nyumba nzima ikacheka,
tulikuwa tumesahau jinsi ya kucheka.
Mtoto wa dada, miaka mitatu, hata hakohoi,
naye akapewa dawa zake ndogo
ili kilicholala kifuani mwake kisiamke.

Mwezi wa pili mashavu yakarudi. Akasema: nimepona, naacha.
Hapo, kwenye kona ya nafuu, ndipo ugonjwa humngoja mtu.
Mama akaketi mbele yake na glasi ya maji,
hakuinuka mpaka alipoona koo limepanda na kushuka.
Kesho yake, vilevile. Na kesho yake.

Mwezi wa tatu Murhula akachukua msumeno.
Ukuta mmoja tu ulikuwa na nafasi ya dirisha.
Ubao ukadondoka nje, mwanga ukaingia kitandani,
na Mama Cibalonza alikuwa amesimama pale na beseni la sambaza
ambazo watu waliacha kuzinunua.
Hakusema kitu. Murhula akashusha msumeno.

Nikatoka, nikazunguka nyumba, ulimi mkavu.
Maneno niliyoyapanga usiku yote yalinitoroka.
Nikamwomba maji ya kunywa.

Alinitazama muda mrefu. Akaingia ndani.
Akatoka na kikombe kilekile.
Akanywa yeye kwanza, nusu, macho yake kwangu,
ndipo akaninyooshea.

Nilikunywa.
Maji ya bomba, yenye ladha ya plastiki kidogo.