Tiketi ya Mtu Mmoja

Mlangoni pa maonyesho, Mamboleo,
kijana wa tiketi hakuinua macho:
"Wangapi?"
Mmoja.
Akachungulia nyuma ya bega langu
kama anayetafuta watoto waliochelewa,
au mume aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.
Mmoja, nikarudia.
Akaikata.

Miaka kumi na tisa nimekuja hapa kuhesabu vichwa.
Huyu analilia puto, yule amebanwa na haja,
wa tatu kapotea, tukatangaziwa kwa kipaza sauti,
tukamkuta banda la ng'ombe
ameshika mkia wa fahali aliyevishwa utepe.
Nami nilikula masalio:
ncha ya soseji, andazi lenye alama za meno,
soda ya mwisho chupani, vuguvugu, ina chembe za mkate.
Leo kila mmoja ana mji wake na simu yake.
Nimefunika cherehani,
nimeandika mlangoni kwa chaki ya kukatia sare:
FUNDI HAYUPO. KESHO.

Nimeanza na samaki, saa nne asubuhi,
wala sioni haya.
Mama Apondi kanichagulia ngege
mpana kama kiganja cha bondia.
Mafuta yakapiga makofi.
"Nikufungie?"
Weka kwenye sahani.
"Na kichwa?"
Na kichwa!
Kichwa ambacho nyumbani kilikuwa cha baba watoto,
hakijadiliwi, hakiguswi.
Nimekivunja mwenyewe,
nikanyonya jicho,
nikanyonya la pili,
nikatulia pale na vidole vinavyong'aa
nikielewa, baada ya miaka yote hiyo,
alichokuwa akitunyima.

Kisha nikatembea bila ratiba.
Viti vilivyochongwa na wafungwa, vizuri hata vinatia huruma.
Mwanamume mwenye kipaza sauti na chupa moja
inayotibu mgongo, deni na mkwe.
Muwa, nikatafuna hadi taya likalalamika.
Mbele ya sungura mmoja, mweupe, sikio limekunjika,
nilisimama robo saa nzima.
Hakufanya lolote.
Hakuna aliyenivuta mkono.

Jua lilipoanza kulegea nikafika kwenye bembea ya duara,
ile ndefu, ya viti vyekundu vilivyochubuka rangi.
Ojuang, mwenye kuiendesha, akajikuna kisogo:
"Mama, peke yako kiti kitalala upande."
Akaenda nyuma ya jenereta,
akarudi amekumbatia gunia la mchanga,
akaliketisha kando yangu kwa adabu,
akatufunga mkanda mmoja.

Tukapanda, mimi na gunia.
Paa za Kondele zikawa sahani zilizoanikwa.
Moshi wa sukari ukaegemea upande wa Kibos,
vilima vya Nandi vikajisogeza,
na huku ziwa, limevaa gugumaji begani
kama kitambaa ambacho fundi hajakimaliza.
Kileleni bembea ikasimama kidogo.
Nilitazama pembeni niseme, "Ona!"
Mdomo ukabaki wazi.
Nikaona mwenyewe.
Halafu tukaporomoka
nikapiga ukelele, ule ule
niliowakataza wanangu wasiupige mbele za watu,
mrefu, hauna maneno,
na watu chini wakacheka, nami nikacheka nao.
Gunia likajitikisa kidogo, likamwaga mchanga kiatuni mwangu.

"Tena?" akauliza Ojuang.
Tena.
Nikalipa nauli mbili.
Akarudisha moja, akasema gunia ni mfanyakazi wake.

Tulikuwa tumeanza kupanda simu ilipolia.
Awuor, kutoka Eldoret, sauti ya daktari mwenye haraka:
"Mama, nimeambiwa duka limefungwa. U mgonjwa?"
Niko Mamboleo. Naangalia ziwa.
"Na nani?"
Nikaligonga gunia begani, mahali ambapo bega lingekuwa.
Na mtu mmoja hapa, nikasema.
Mzito kidogo. Haongei.
Kimya.
"Mama?"
Subiri, mwanangu, nikasema,
tunakaribia juu.