Kisiwa Kisicho na Bahari

Asubuhi za Julai, hapa Amani,
ukungu huifunika Muheza yote:
mikonge, reli, magunia ya machungwa, minara ya simu,
vyote huzama. Hubaki sisi huku juu,
kisiwa kisicho na samaki wala forodha.

Kazi yangu ni chumba cha mimea mikavu.
Kabati za chuma, harufu ya dawa ya nondo na magazeti.
Kila ua limelala chali juu ya karatasi yake
kama maiti aliyekwisha oshwa,
na pembeni kibandiko: mwinuko, tarehe, kijito,
jina la Mwingereza aliyelichuma.
Babu yangu Hoza ndiye aliyempandisha hadi pale.
Alibeba mbao za kukaushia, chumvi,
na buti za bwana, siku bwana alipotaka kuvuka pekupeku.
Kwenye kibandiko babu hayumo.
Yupo ukingoni, doa la kidole gumba,
au labda ni tope tu.

Ua lenyewe dogo, zambarau, jicho la njano,
majani yana malaika kama shavu la kichanga.
Ndugu zake wako Ulaya, madirishani, vyunguni,
wananyweshwa kwa kijiko.
Hili limekataa. Literemshe hadi Mkanyageni,
linasinyaa kabla basi halijafika stendi.
Limezaliwa jiweni,
na kwalo ng'ambo ya jiwe ni ughaibuni.

Machi tulipanda kulihesabu, mimi na Mntambo wa misitu.
Shamba la iliki lilikuwa limesogea hatua arobaini.
Tukainama, tukahesabu mara mbili
kama wahesabuo fedha ya watu.
Kumi na moja.
Mntambo akavua kofia, akaivaa tena.

Kwenye mteremko tukapishana na mtoto na mzigo wa kuni,
na sikioni kachomeka ua hilohilo, bichi, lina umande.
Kumi, nikasema moyoni. Yamebaki kumi.
Nikafungua kinywa nigombe,
Mntambo akanikanyaga mguu.

"Umelitoa wapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza maji hupatikana wapi.
"Si kwa bibi, nyuma ya jiwe la kufulia.
Yako tele. Yananuka sabuni."

Jiwe hilo halikuwamo kwenye ramani yetu.
Tukamfuata. Alitangulia na kuni zake, hakutusubiri,
sisi na buti zetu tunateleza, yeye na kandambili.
Tele yake ilikuwa ishirini na sita.

Usiku ule, taa inapepesa,
nilijaza kibandiko kwa kalamu ya wino:
kijito hakina jina; jiwe la kufulia;
mwinuko, futi elfu mbili mia tisa.
Penye mkusanyaji nikakaa kidogo.
Kisha nikaandika kwa herufi kubwa,
vilevile alivyonitamkia, bila kushusha mzigo:
MWANTUMU KAONEKA, DARASA LA NNE.