Vibao vya Bati

Aprili. Theluji imejibanza kwenye kona ya kaskazini
kama mgeni aliyeshiba na hataki kuaga.
Tunaikwangua kwa koleo, mimi na Eyvindur,
ambaye hadi saa kumi jioni ni fundi umeme
na ikifika saa moja na robo usiku ni kipa.
Ligi kuu, hapa kwetu Grávík!
Watu mia tisa arobaini na mmoja.
Kondoo hatujawahesabu.

Kazi yangu ni namba.
Ubao wetu wa magoli hauna taa wala waya,
una kulabu mbili na sanduku la vibao vya bati
alivyovipaka rangi marehemu Ásgrímur wangu,
nyeupe juu ya buluu.
Sita hakuipaka.
"Nani atatufunga sita?" aliniuliza,
akaenda kuosha brashi.

Mei wakaja wa Reykjavík, na basi lenye choo ndani.
Lilipoingia la sita nilipekua sanduku mpaka chini,
kisha nikachukua tisa, nikaigeuza kichwa chini miguu juu.
Uwanja mzima uliniona.
Aliyecheka ni refa peke yake.

Asubuhi, kwenye bwawa la maji moto,
kila kichwa kinachoelea ni kocha.
Mchungaji anataka mabeki watano.
Mwenye duka la misumari anataka kocha afukuzwe,
na kocha yupo palepale, maji shingoni,
anatazama mvuke.

Juni jua likagoma kuzama.
Witek, wa kiwanda cha samaki, miaka kumi na saba,
alitoka zamu moja kwa moja, magamba bado kwenye nyusi,
akafunga, akafunga tena.
Nikatundika mbili upande wetu, mara ya kwanza mwaka ule,
na kutu ya kulabu ikanichuna kidole.
Mama yake alikuwa kwenye kibanda cha kahawa.
Hakushangilia. Alimimina kahawa
hadi kikombe kikafurika, akaendelea kumimina.

Julai ni upepo.
Eyvindur aliupiga mpira mbele kwa nguvu zake zote,
ukapanda, ukasita, ukafikiri,
ukarudi juu ya kichwa chake hadi nje.
Kona, kwa wapinzani.
Mpira unadunda, wanasema. Wetu unageuka.

Septemba Þorgils, beki wa kushoto, hakuonekana.
Siku hiyo kondoo walikuwa wanashushwa kutoka mlimani.
Kocha alimpigia simu nyumbani, akapokea bibi:
"Kondoo hawana ratiba ya ligi, mwanangu," akakata.
Tatu bila.
Nilitundika sifuri yetu bila kuitazama,
vidole vinaijua.

Oktoba, mechi ya mwisho. Sare tunashuka, ushindi tunabaki.
Moja kwa moja hadi dakika za majeruhi,
mvua inanyesha kwa ubavu,
na Witek anaachia shuti.
Naapa nilikuwa nimeshaishika mbili mkononi,
nimeshaiondoa moja kwenye kulabu.
Mlingoti ukalia kama sufuria iliyoanguka jikoni usiku.

Filimbi.

Kwa muda fulani ubao wetu haukuwa na kitu.
Hakuna aliyenikumbusha niirudishe ile moja.

Nimevileta nyumbani, nimeviosha kwenye sinki.
Sifuri yetu imechakaa kuliko vyote,
saba ni mpya kama siku ilipotoka dukani.
Eyvindur amekuja kunywa kahawa.
Anasema halmashauri inaweza kutununulia ubao wa umeme,
yeye ataufunga bure.
Nimemwambia tutaona.

Alipoondoka nililifungua kopo la Ásgrímur kwa kisu cha siagi.
Rangi ilikuwa na ngozi juu, kama maziwa, lakini chini ilikuwa hai.
Nimepaka sita. Imeinama kidogo, mkono si ule wake.
Sijui ni ya kwetu au ya wageni.
Daraja la chini nako wanafunga magoli.

Ipo juu ya kabati, karibu na dirisha.
Haijakauka.
Usiiguse.