Hatua ya Pili

Chumba chetu kiko juu ya duka la fundi viatu,
ngazi ishirini na tatu, na mbao za kushikia zimelegea.
Jumanne jioni, Liepaja, digrii kumi na moja chini ya sifuri,
harufu ya gundi inapanda nasi hadi mezani.

Ilgvars anakunja ngumi mbili, ananinyooshea.
Nagusa ya kushoto. Anaifungua.
Nyeusi.
"Pole, Vizma," anasema,
kama aliyeona mvua ikielekea nguo zangu kambani.

Pole ya nini?
Kweli, mwenye nyeupe ana hatua moja kibindoni
kabla mimi sijavua hata glavu.
Kweli, vitabu vyote vya kabati lile vinaniusia subira:
jenga ukuta, mfiche mfalme nyuma ya ngome,
na kukikucha salama, omba sare.
Ndivyo alivyotufunza mwalimu Arnis, Mungu amrehemu.
Alikufa na sare mia tatu na kumi,
kazihesabu mwenyewe kwenye daftari la kijani.

Mimi naendesha tramu, mwaka wa ishirini na saba huu.
Reli ilishaamua kila kitu; mimi hupiga kengele tu.
Nasimama pa kusimama. Nafungua mlango, nafunga.
Nasubiri taa.
Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini tramu humwacha kituoni. Nimewaacha wengi.
Usiniambie nije na hapa, Jumanne, nisubiri tena.

Basi. Askari wa mfalme wake, miraba miwili.
Na wangu miwili, pua kwa pua.
Farasi wake anaruka, anamkodolea macho askari wangu.
Hapa watu wenye akili hutoa farasi kumlinda.
Mkono wangu unapita juu ya farasi, haumgusi,
unamshika bawabu,
yule askari wa ubavuni mwa mfalme
ambaye hatakiwi hata kuamka kitandani,
unamsukuma miraba miwili mbele.
Tk.

Ufunguzi huu umepewa jina la nchi yetu.
Hatukuomba.
Kompyuta ya mpwa wangu Talis iliutazama sekunde nne,
ikatoa namba. Nikaizima.
Sibishi, namba ni namba.
Nimeshindwa nao harusini kwa binamu,
nimeshindwa nao ndani ya treni ya Daugavpils,
nimeshindwa nao kwa kadi za posta
na daktari wa meno wa Tartu, aliyening'oa taratibu
miezi kumi na minne, stempu baada ya stempu,
kila kadi na salamu za familia chini yake.
Nimemwona mfalme wangu akikimbia katikati ya ubao
kama mtu aliyetoka bafuni nyumba ikiwaka.

Lakini kuna kadi moja. Mchezo wetu wa pili, hatua ya tisa.
Hakuandika salamu.
Hatua tu, na herufi zimeinama, kalamu imetoboa karatasi.
Nimeibandika juu ya jiko.
Nikikoroga supu ya viazisukari vyekundu
huisoma ile nafasi tupu.

Ilgvars amevua miwani. Anaifuta kwa ncha ya sweta.
Anaivaa. Anaivua.
Anajua jibu, sote tunalijua, liko ukurasa wa arobaini na kitu;
ila ukurasa hauna bawabu aliyesimama barabarani usiku
na mlango wazi nyuma yake.
Saa yake inakula dakika. Yangu imelala.
Chini, fundi anagonga kisigino: moja, moja, moja.

Nani alianza? Yeye.
Nani anasubiri?

Naenda kuchemsha maji.
Farasi wake atakula, najua, hana budi kula.
Malkia wangu ameshavaa koti.
"Sukari ngapi, Ilgvars?" nauliza kutoka jikoni.
Hajibu.