Namba Arobaini

Bayreuth, Februari. Nje theluji haijaamua
ianguke au ingoje.
Friederun Hölzl ameinamia hadubini,
kofia ya sufu bado kichwani.

Kapsuli hamsini zimenata kwenye kioo,
mviringo mtupu, ganda jembamba
hata utando wa kitunguu mbele yake ni ukuta.
Ndani, maji tu.

Anatia chumvi. Tone. Tone jingine.
Maji ya ndani yanaanza kutoroka
na mviringo unabaki mviringo,
unajikaza, unajikaza,
kama mgonjwa aliyeulizwa hali
akajibu, "Salama."

Kisha, pa! Kishimo.
Si polepole. Ghafla, kama vile mpira wa pingpong
wa kakake Ruprecht ulivyobonyea chini ya kisigino
mwaka ule waliohama Hof;
mama akautosa kwenye sufuria ya maji moto, ukafutuka,
wakaucheza tena,
ila ulidunda kombo.

Anaandika: saa nne na dakika kumi na saba,
namba thelathini na moja.
Nyingine zinanywea, bakuli ndani ya bakuli.
Namba arobaini bado.
Friederun haendi kula.

Alasiri anasuuza chumvi. Maji yanarudi ndani,
kapsuli zinajaa, zinang'aa,
huwezi kujua ipi iliwahi kuanguka.

Anatia chumvi tena.
Thelathini na moja: pale pale,
ubavu wa kushoto,
palipokuwa pembamba tangu kuumbwa.

Anazima taa, anavaa koti,
anarudi, anaiwasha.
Arobaini
bado mviringo.